Mafundi wa Tonge

Swali la kwanza huwa dogo: "Babu, kinachokushinda ni ugali au ni maji?"

Mzee akijibu kwamba ugali ndio ulianza kumganda kifuani, ukafuata wali, na sasa hata uji mzito unasita ila chai bado inateremka, huyo anaeleza njia inayozibwa taratibu. Akijibu kwamba ugali laini unapita na maji ndiyo yanayompalia, akakohoa hadi machozi yakamtoka, huenda njia yake iko wazi na kilicholegea ni misuli ya koo au mishipa ya fahamu inayoiendesha. Vipimo vitafuata: kamera ya kuangalia umio, picha, kinyama cha kupeleka maabara. Hakuna kuviruka. Lakini mwenye sikio zuri anakuwa ameshajua pa kuanzia kabla babu hajamaliza kusimulia, na kwa mtu wa Mofu kujua pa kuanzia si jambo dogo.

Mofu iko ndani ya bonde la Kilombero, katika nchi ya mpunga na samaki. Nyanda za mafuriko za bonde hilo, karibu kilomita za mraba 8,000, ziliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Masika ikikolea, safari ya Ifakara hupangwa kwa kutazama mawingu. Ifakara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, yenye asili ya wamisionari Wakapuchini wa Uswisi. Anayehitaji mionzi ya saratani mara nyingi huendelea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Bonde lenyewe limezoea wataalamu. Tangu Rudolf Geigy wa Basel afungue maabara yake Ifakara mwaka 1957, mbu wa hapa wamekamatwa, wamehesabiwa na kuchunguzwa miguu na mabawa. Koo la mgonjwa wa saratani halijapata umaarufu huo, ingawa Afrika Mashariki imo katika ukanda unaotoka Ethiopia hadi Afrika Kusini ambako saratani ya umio inaua watu wengi, baadhi yao wakiwa bado vijana.

Ninachotaka kukisifu hapa ni kazi inayokuja baada ya daktari kutaja jina la ugonjwa: kumfanya mtu ameze tena, na kumrudishia nyama mwilini. Wataalamu wa afya huiita utengamao. Inafanywa na mtu wa fiziotherapia, muuguzi na mtu wa lishe, na pale wanapopatikana, wataalamu wa matamshi na kumeza, ambao kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini sehemu kubwa inafanywa na mkamwana au binti aliyeinama jikoni, na mimi nadhani yeye ndiye fundi mkuu, kwa sababu wengine wote wanamwona mgonjwa mara moja kwa wiki kadhaa, naye anashika kijiko mara sita kwa siku.

Kumeza kunataka misuli ipatayo 30 ifanye kazi kwa zamu isiyokosewa. Ulimi unakusanya tonge na kulisukuma nyuma. Kaakaa laini linapanda kuziba njia ya pua. Kikoromeo kinaruka juu na mbele, kidakatonge kinalala, pumzi inasimama, mlango wa umio unafunguka. Yote hayo kwa muda wa sekunde moja hivi. Kisha umio, wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, unalisukuma tonge hadi tumboni kwa sekunde nane au kumi.

Fundi asiye na mashine ya kuyaona haya ana vidole vinne. Anakaa ubavuni mwa mgonjwa, hamkabili uso kwa uso, na kuviweka shingoni kwa wepesi sana: cha shahada chini ya kidevu, cha kati kwenye mfupa mdogo ulio juu ya kikoromeo, viwili vilivyobaki kwenye kikoromeo chenyewe, kimoja juu, kimoja chini. "Haya babu, meza mate." Kidole cha kwanza kinahisi ulimi ukianza, cha pili kinahisi mfupa ukisogea, viwili vya mwisho vinapima kikoromeo kimepanda kiasi gani na kimechelewa kiasi gani. Njia hii ilienezwa na Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1983 ndicho kilichoipa taaluma hii ya kumeza mpangilio wake. Nimeona watu wakigusa shingo ya mgonjwa kana kwamba wanatafuta homa. Anayejua haigusi hivyo. Vidole vyake havibonyezi chochote, vinasubiri.

Halafu anasikiliza. "Sema aaa." Sauti ikitoka kama inapita kwenye maji, kuna kitu kimebaki juu ya nyuzi za sauti, kinangoja kuteremkia mapafuni. Wapo pia wanaopaliwa kimya, bila kikohozi hata kimoja, hasa waliopigwa mionzi ya shingo ikawapunguzia hisia kooni. Hao ndio wa kuogopwa. Familia inasema "anakula vizuri tu", na wiki inayofuata mgonjwa yuko wodini na nimonia.

Misuli hiyo ya koo ni nyama kama nyama ya paja, na inaisha kama nyama ya paja. Hapa ndipo matatizo mawili yanapokutana na kuongezeana nguvu: anayemeza kwa shida anakula kidogo, anayekula kidogo anakonda, na kukonda kunamlegeza ulimi na shingo, kwa hiyo kesho anameza kwa shida zaidi. Saratani yenyewe inaongeza lake. Mwili unawaka kwa ndani, protini ya misuli inavunjwa upesi kuliko inavyojengwa, hamu ya chakula inakufa. Mwaka 2011 jopo la kimataifa la wataalamu lilikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita, bila yeye kutaka, ameshaingia katika hali hiyo, na likaongeza jambo ambalo ndugu wengi hawapendi kulisikia: chakula peke yake hakitoshi kuirudisha nyuma kikamilifu. Lazima misuli ifanyishwe kazi. Kitanda nacho kinakula mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kitandani siku 10, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na wale walikuwa wanakula na hawana kansa.

Kwa hiyo fundi anapima miguu pia, si koo tu. Futi ya fundi cherehani inazungushwa kwenye shavu la mguu pale lilipo nene kuliko pote. Ikiwa chini ya sentimita 31 hivi, kuna shaka. Kisha kiti, kiti hasa, si kigoda: mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano. Zikipita sekunde 15, nguvu za miguu zimepungua. Namba zinaandikwa kwenye daftari la shule. Mizani husema uongo kwa wagonjwa hawa, maana miguu ikivimba maji kilo zinapanda huku nyama inateketea, na kila mtu nyumbani anafurahi.

Sasa tuje jikoni, ambako nitakaa zaidi.

Mgonjwa wa nyumbani hupewa uji. Ni desturi njema, ila uji wenyewe mara nyingi ni wa sembe, mweupe, mwembamba, na sukari. Kikombe kimoja cha uji wa namna hiyo kina protini isiyozidi gramu mbili. Mwongozo wa Ulaya wa lishe ya wagonjwa wa saratani unataka protini ipite gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ikiwezekana ifike gramu 1.5. Mtu wa kilo 50 anahitaji kati ya gramu 50 na 75. Atakunywa vikombe 25? Uji mweupe unashibisha tumbo na kuacha misuli na njaa, na kama kuna kosa moja linalotendwa kwa upendo katika nyumba nyingi za bonde hili na kwingineko, basi ni hilo.

Mpishi hodari haongezi wingi wa uji. Anaongeza kilichomo. Yai moja ni gramu 6. Kikombe cha maziwa ni gramu 8. Vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa hadi zikatoa mafuta, gramu 7 au 8. Nyama ya samaki iliyoiva, gramu 100, inatoa 20 na ushei, na Kilombero samaki wapo. Kambale na kitoga ndio wa kuanza nao kwa sababu hawana magamba, na miiba yao ni mikubwa, inaonekana. Samaki anachemshwa taratibu, anaachwa apoe, kisha kazi inahamia kwenye ncha za vidole: nyama inapapaswa uzi kwa uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, kila kinachokwaruza kinatolewa, hata kama ni kipande cha ngozi. Halafu kinu, au mgongo wa kijiko na chujio la chai. Rojo linarudishwa kwenye supu yake, linatiwa wali ulioiva kupita kiasi ukapondwa, na kijiko cha mafuta. Ukilionja hulijui kama ni chakula cha mgonjwa. Hiyo ndiyo alama ya mkono mzuri.

Kuna na kimea. Ulezi unalowekwa, unafunikwa uchipue, unaanikwa na kusagwa, kile kile cha togwa. (Mtama nao hufaa, ila chipukizi zake zina sumu ya sianidi na lazima ziondolewe, ulezi hauna usumbufu huo.) Uji mzito ukishaepuliwa na kupoa kidogo, unatiwa kijiko cha kimea, unakorogwa, na mbele ya macho yako unalegea na kuwa wa kunyweka bila kuongezwa tone la maji. Kilichotokea ni kwamba kimeng'enya cha kwenye chipukizi kimekata minyororo ya wanga. Ukitia uji ungali unatokota, kimeng'enya kinakufa na hakuna kitu. Watafiti wa lishe hapa Tanzania walikiandika kimea hiki mwaka 1983 wakiwafikiria watoto wanaoachishwa ziwa, kwa maana kikombe kile kile kinaweza kubeba unga mara mbili au zaidi. Kwa mzee mwenye umio uliobana, anayemudu vya majimaji tu, ni neema hiyo hiyo.

Lakini mpe uji huo mzee wa pili, yule anayepaliwa na maji, na umemdhuru. Yeye anataka uzito, kitu kinachoteremka polepole ili misuli yake iliyochelewa ipate muda wa kufunga njia ya hewa. Hapa ndipo ninapouheshimu ufundi huu kuliko yote: bakuli mbili zinazofanana, jiko moja, dawa ya mmoja ni hatari ya mwingine, na aliyeshika mwiko lazima ajue ni nani aliyeketi mkekani.

Uzito nao una kipimo. Wataalamu wa nchi mbalimbali wana mfumo uitwao IDDSI, wenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, na kifaa chake kikuu ni bomba la sindano la mililita 10, la duka la dawa lolote, bila sindano yenyewe. Toa kisukumio. Ziba tundu la chini kwa kidole. Jaza uji hadi alama ya 10. Ondoa kidole, hesabu sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Kisipofika mililita moja, huo ni sawa na maji. Ikibaki kati ya 1 na 4, ni ngazi ya kwanza. Kati ya 4 na 8, ya pili. Ikizidi 8 lakini bado unadondoka, ya tatu. Usipotoka kabisa, huo si wa kunywa tena, ni wa kijiko. Pima ukiwa katika joto lile lile utakalomlisha, kwa sababu uji wa wanga ukipoa unaganda na namba inabadilika. Na linganisha bomba lako na rula: kutoka 0 hadi 10 pawe na milimita 61.5, maana mabomba hayalingani.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hawalioni. Mate yetu yana kimeng'enya kinachofanya kazi kama cha kimea. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi kwenye bakuli, kikatoka, kikarudi, baada ya robo saa uji mzito wa mgonjwa umelegea wenyewe, na vijiko vya mwisho ndivyo vinavyompalia. Dawa yake ni mabakuli mawili: kubwa la akiba lisiloguswa na kijiko cha mdomoni, na dogo la kulia, linalojazwa kidogo kidogo. Nimeitafakari mara nyingi hekima hii. Haina gharama yoyote, na anayeijua amemwepusha mzee na nimonia kwa kuosha chombo kimoja zaidi.

Mlenda una nafasi yake. Utelezi wake unafunika tonge na kulipitisha pale ambapo mate yamekauka kwa mionzi. Ila mlenda unaovutika uzi mrefu haufai kwa anayepaliwa, kwa kuwa uzi huo hauji kwa mpigo mmoja. Chai isiwe ya moto wa kuunguza. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani ya umio. Na mswaki uje kabla ya chakula, wa plastiki au wa mti, kwa sababu kinachopotea njia kuingia mapafuni huenda na wadudu wa kinywani.

Baada ya lishe, mazoezi, na yafuatane upesi, misuli isiletewe matofali bila mwashi. Zoezi mashuhuri ni la Reza Shaker: mgonjwa analala chali bila mto, anainua kichwa peke yake kutazama vidole vya miguu, mabega yakibaki chini, anashikilia dakika moja, mara tatu, kisha anainua na kushusha haraka mara 30. Ratiba yake kamili ni mara tatu kwa siku kwa wiki sita. Mgonjwa aliyedhoofika hawezi, na fundi mzuri hamwaibishi kwa kumwambia ajaribu. Mwaka 2014 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba kukaa kwenye kiti na kubana mpira chini ya kidevu kunaamsha misuli ile ile kwa jasho dogo. Kwetu mpira wa mtoto upo, na usipokuwepo, taulo lililokunjwa linakubali. Kwa mwenye upande mmoja wa koo uliopooza, anafundishwa kugeuza uso kuelekea upande mbovu anapomeza, ili upande huo ujifunge na tonge lipite upande mzima. Mara ya kwanza wagonjwa wote hugeuka kinyume. Ndivyo mwili unavyodhani.

Waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo, ambayo kwa kawaida huchukua wiki sita au saba, wanarudi na taya lililokakamaa. Kipimo ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vilivyosimamishwa kati ya meno ya juu na ya chini; visipoingia, kazi ipo. Kuna vyombo vya kisasa vya kupanua taya, vya bei kali. Kuna pia vile vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi: vinapangwa kimoja juu ya kingine, vinaingizwa kati ya meno, vinakaa kidogo, na siku misuli ikikubali kinachomekwa kimoja zaidi katikati. Unene wa kijiti kimoja ni kama milimita moja na nusu. Mtu anaweza kukaa wiki nzima kwa ajili ya kijiti kimoja, na fundi anaandika kijiti hicho daftarini kwa uzito ule ule anaoandikia kilo.

Mzee wa kwanza, wa njia iliyozibwa, hasaidiwi na kubana mpira. Yeye anahitaji njia ifunguliwe. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, Russell White na wenzake wamekuwa wakiweka stenti, kimrija cha waya kinachojitanua chenyewe ndani ya umio. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilieleza wagonjwa zaidi ya 500, waliowekewa bila hata mashine ya eksirei ya kuongozea, na wengi wao wakarudia vyakula vya kawaida kwa sehemu kubwa. Stenti si tiba ya kansa. Ina masharti: atafune sana, aache minofu mikubwa na mboga zenye nyuzi, anywe maji katikati ya chakula, asilale kabla chakula hakijashuka. Lakini uwezo wa kula ukirudi, miguu nayo inapata chakula cha kufanyia mazoezi, na lile daftari linaanza tena: kiti mara tano, futi, mwendo wa kufika mtoni na kurudi.

Kuna siku namba zinaacha kupanda, lishe iwe nzuri vipi. Kwa saratani iliyoenea, mwili unafika mahali haujengi tena, na hapo ufundi haukomi, unabadili shabaha. Morfini ya maji inatuliza maumivu, kinywa kinasafishwa na kuloweshwa, na kijiko kinakuwa cha ladha, si cha gramu. Ndugu huwa hawakubali upesi. Wanamwinua mgonjwa, wanamshika kidevu, wanasukuma uji, kwa sababu kuacha kulisha wanaona ni kumtupa. Muuguzi aliyekomaa hagombi nao. Anakaa mkekani, anaamkia wakubwa, anauliza habari za shamba, halafu anamgeukia mwenye bakuli.

"Mama, supu ya kitoga anaipenda?"

"Anaipenda sana. Ndiyo aliyokuwa akituvulia."

"Basi mpikie hiyo, ichuje, ipoe. Mkalishe kwanza, asile amelala. Mpe kijiko kimoja, uangalie hapa shingoni, kikoromeo kipande na kushuka. Akitaka cha pili ataonyesha mwenyewe. Akifumba mdomo, bakuli liweke chini, jioni ni siku nyingine."